Beki Aliyebaki Gatini

Sebuleni kwetu kuna picha ya wanaume kumi na nafasi ya mmoja. Watano wamechuchumaa mbele na mpira, watano wamesimama nyuma, na hao waliosimama wameachana katikati kiasi kwamba unaona ukuta mtupu nyuma yao. Mgeni akija kwetu, akishapewa kahawa ya kutafuna na kuulizwa habari za kwao, macho yake lazima yaende pale. "Mzee, mbona hawa wamesimama hivi? Mpiga picha alikuwa amelewa?"

Baba hujibu bila hata kugeuka: "Hapo ni mimi."

Nimelisikia jibu hilo tangu sijang'oa meno ya utoto, na sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Muleba, mtu mzima mwenye wajukuu wawili na miwani. Bado nikilisikia nacheka. Mama yeye hachekagi. Anasema mume wake ndiye mtu pekee duniani aliyepigwa picha bila kuwepo.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Msinicheke. Najua Bukoba haina reli na haijawahi kuwa nayo, na unaweza kuzaliwa pale, ukazeeka, ukazikwa, bila kuona hata behewa moja. Lakini zamani meli za ziwani zilikuwa mali ya shirika la reli. Kwa hiyo mbeba magunia wa bandari ya Bukoba alivaa kofia yenye nembo ya reli, alilipwa na reli, akiugua alitibiwa na reli, na jioni alicheza mpira kwenye timu ya reli. Timu za mjini zilikuwa hazina huruma. Baba na wenzake wakiingia uwanjani, mashabiki wa upande wa pili walisimama wote: "Treni hiyo imefika! Jamani, imepitia wapi?"

Kazi yenyewe aliipata kwa miguu. Mkuu wa bandari wa siku hizo alipenda mpira kuliko chakula, na ukienda kuomba kazi ya kubeba magunia ya kahawa alikuuliza kwanza unacheza namba ngapi. Baba akasema namba tatu, beki wa kushoto. Akaambiwa aje Jumatatu na viatu. Kuhusu magunia hakuulizwa kitu.

Na alikuwa beki kweli. Sisemi kwa sababu ni baba yangu. Mimi mtu akicheza vibaya namwambia, hata awe nani. Wazee wa Bukoba waliomwona wanasema winga akishapita kwake mara moja, mara ya pili alikuwa anaomba abadilishwe upande. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Ziwa lilimkataa.

Siku ya kwanza timu ilipokuwa inakwenda kucheza Mwanza, alipanda meli pamoja na wenzake akiwa amevaa suruali mpya. Meli ilikuwa bado imefungwa kamba. Ikatikisika kidogo tu, kile kidogo cha meli inayopasha injini, na baba akatapika juu ya viatu vya fundi mkuu. Akashuka ngazi mbio, akaketi gatini, akaapa kwamba hapandi tena. Kuanzia hapo alicheza mechi za Bukoba tu, na mji mzima ukampa jina la beki wa nyumbani. Hata kazini, gunia alilibeba mpaka mlangoni mwa meli, akalitua, mwenzake akalipokea kwa ndani.

"Si ungezunguka kwa basi?" nilimuuliza siku moja.

"Kwa barabara ya siku zile? Timu ingefika Mwanza, icheze, irudi, na mimi bado niko Biharamulo nasukuma basi."

Sasa, fainali ya kombe walilochukua ilichezwa huko huko Mwanza. Baba ndiye aliyewafikisha fainali, kila mtu anajua hivyo, na kwenye fainali akabaki gatini. Walikuwa na desturi yao: timu ikishinda ugenini, nahodha wa meli anapiga honi mara tatu akikaribia bandari. Asubuhi ile baba alikuwa gatini kabla jua halijatoka. Honi ilianza meli ikiwa bado kwa mbali, nyuma ya kisiwa cha Musira. Ikapigwa mara tatu, ikapigwa ya nne, ya tano, ikaendelea mpaka kamba zinafungwa. Baba alirukaruka kama mwehu. Halafu, na hili aliniambia nikiwa nimeshakuwa mkubwa, akaenda nyuma ya magunia ya kahawa akalia.

Wenzake wakashuka na picha. Walikuwa wameipiga studio ya Mwanza, na mpiga picha alipowaambia wasogeleane wakamkatalia. Hapo ni pa namba tatu, walimwambia, yuko Bukoba, usimguse. Hata yule aliyecheza namba tatu siku hiyo alikataa kuingia kwenye picha. Alisema yeye ameazimwa tu.

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya timu: asiyekuwepo kwa sababu ya kweli, nafasi yake inaachwa.

Kombe lenyewe lilibaki ofisini, lakini golikipa, ambaye alikuwa mpishi wa meli, alitoka na birika kubwa la jikoni lenye mdomo uliopinda, wakalinywea chai timu nzima. Birika hilo ndilo likawa kombe letu sisi watoto. Maana yule mpishi hakuweza kukaa bure. Meli ikiwa imetia nanga, saa kumi alikuwa uwanjani na watoto wa wafanyakazi, ametupanga mistari. Kwanza ulionyesha daftari la shule. Daftari chafu, huchezi, unaokota mipira. Alitufundisha kupiga pasi tukizunguka magunia matupu, akiimba kwa Kihaya nyimbo ambazo mama yangu akizisikia aliniita nyumbani haraka. Nilikuwa msichana pekee. Nilicheza upande wa kulia, nilikuwa na mdomo mkubwa, na nilikuwa na raha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena ukubwani, haki ya Mungu.

Baadaye meli na reli zikatenganishwa, nembo kwenye kofia zikabadilika, na timu ikafa taratibu bila mtu kutangaza msiba. Baba alipostaafu tukarudi kwenye kibanja cha babu, huku Muleba, mgombani, mahali ambapo ukisimama nyuma ya nyumba unaliona ziwa lote. Nilidhani atapumzika. Wiki ya pili nikamkuta uwanja wa kijiji ana mipira mitatu na watoto kama arobaini, anawauliza madaftari.

Ndivyo ilivyoanza akademi yetu. Hilo jina la akademi walilileta watoto wenyewe, wamelitoa kwenye televisheni. Mmoja wao akachora kibao: AKADEMI YA RELI, na chini yake treni. Treni yenyewe ilikuwa basi lenye bomba la moshi na matairi sita. Baba aliitazama kwa makini, mikono nyuma. "Ndiyo yenyewe," akasema. Nikamwangalia. Alikuwa hajaiona treni maisha yake yote, kama wao tu! Kibao kipo mpaka leo, na matairi yake sita.

Mimi ni katibu, daktari na mfua jezi. Jumamosi tunafanya mazoezi, Jumapili hapana, kwa sababu nusu ya timu ni Walutheri na nusu ni Wakatoliki na ibada haziishi kwa wakati mmoja. Na kila mwaka tunacheza mechi ya kugombea birika, lile lile la mpishi, na watoto wa Goziba, kile kisiwa cha wavuvi kilicho mbali ziwani, ambako hufiki bila boti. Wao ndio waliokuwa wanakuja kwetu. Kila mwaka. Nilikuwa nikipanga visingizio mpaka nikaishiwa: mvua, mitihani, kipaimara.

Mwaka jana kocha wao, mvuvi mmoja mwenye sauti ya kuita boti bila simu, akanipigia. "Mwalimu, mwaka huu zamu yenu. Msipokuja, birika ni letu. Na mzee aje mwenyewe alikabidhi, asitume mtu."

Ingekuwa miaka mingine tungecheka yakaisha. Lakini miezi michache nyuma tulikuwa tumemzika yule golikipa, mpishi wa meli, kwao Kaagya. Alikuwa wa mwisho katika wale kumi. Pale msibani wakamwomba baba aseme neno kwa niaba ya timu iliyochukua kombe. Baba akasimama, akavua kofia yake ya reli, akaitazama hadhira. "Nimebaki mimi," akasema, "na mimi sikuwepo." Akaketi.

Basi nilipomwambia habari ya Goziba, na akanijibu vile vile kama siku zote, "Nendeni, mimi nitawasubiri mwaloni, boti zinakofikia," nilipandwa na hasira ambayo sikuijua ilikokuwa imejificha. Nikamwambia mbele ya mama, mbele ya watoto waliokuja kuchukua jezi: "Tata, utabaki gatini mpaka lini? Basi kaa na picha yako!"

Kwetu huku baba haambiwi hivyo. Mama aliacha kumenya ndizi, kisu kikabaki hewani. Watoto wakachukua jezi zao wakaondoka. Mimi nilikwenda nyumbani kwangu nikalia, halafu nikajikasirikia kwa kulia, maana nilikuwa nimesema kweli.

Siku mbili hatukuongea. Ya tatu alikuja mwenyewe, kofia kichwani, akasimama mlangoni hakutaka kuingia. "Boti inaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tata."

"Hao watoto wana majaketi ya kuokolea?"

"Wanayo. Na lako lipo."

"La kwangu liwe kubwa," akasema, akaenda zake. Nilicheza peke yangu jikoni, nakuambia kweli, nikiwa na mwiko mkononi.

Habari zikasambaa, na hapo ndipo wanakijiji walipoharibu kila kitu kwa upendo. Asubuhi ya safari, kila jirani alikuja na dawa yake ya kuzuia kutapika. Mmoja alileta kahawa ya kutafuna. Mwingine tangawizi. Mwingine malimau. Mjane wa jirani akaleta uji wa ulezi, akisema tumbo likijaa halitikisiki. Mzee wa kanisa, msimtaje popote, akaleta kibuyu kidogo cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Na shemeji yangu, ambaye hakuwa na dawa yoyote ila hakutaka kuja mikono mitupu, akaleta ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage ya moto. Sasa Mhaya wa umri wa baba yangu harudishi kitu alicholetewa na mtu aliyetembea asubuhi kwa ajili yake. Hajui hata aanzie wapi kukataa. Alikula vyote. Nilimkonyeza, nikamkanyaga mguu, nikamwambia tata waitu, tafadhali, acha. Alikuwa anasema ahsante huku anatafuna.

Tulikuwa hatujapita mawe ya mwaloni.

Sitaki kueleza sana. Nitasema tu kwamba vilitoka kwa mpangilio, cha mwisho kwanza, na watoto walikuwa wanavitambua. "Maharage hayo!" "Tangawizi!" Mwenye boti alicheka mpaka akasahau usukani, nikamkaripia. Baba alikuwa amejikunja ubavuni, jaketi limemfika masikioni, kofia ameikabidhi kwa golikipa wetu, msichana wa darasa la saba mwenye mikono kama koleo, na yule mtoto akaivaa ili isipeperuke.

"Turudi?" nilimuuliza. Niliuliza kwa dhati. Uso wake ulikuwa wa majivu na mimi nilikuwa nimeanza kuogopa.

Akainua kidole. Nikadhani anaonyesha nyumbani. Alikuwa anaonyesha mbele.

Muda si muda mawimbi yakakua na watoto nao wakaanza, mmoja baada ya mwingine, wanalia wanawaita mama zao. Na hapo, jamani, yule mzee akapata kazi. Akajivuta akaketi wima. "Sikilizeni! Msipigane na tumbo. Tazameni kule mbali, msitazame maji. Wewe, geukia huku upepo unakokwenda, usimtapikie mwenzako. Vizuri! Umekwisha, pangusa mdomo, mwingine." Aliwafundisha kutapika kama anavyowafundisha kupiga kona. Kati ya mtoto na mtoto aligeuka kando akatapika na yeye, akarudi kazini. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mtu aliyekwepa kitu hiki maisha yake yote alikuwa ndiye mjuzi wake kuliko sote.

Goziba tulifika jua limeshapanda. Walitungoja kisiwa kizima, na kocha mwenye sauti akaingia majini mpaka kiunoni ambebe baba mgongoni. Baba akakataa. Akateremka mwenyewe, akasimama majini, akaomba kofia yake. Akaivaa, akainyoosha, ndipo akatembea mpaka mchanga mkavu.

Uwanja wao uko kati ya vibanda na vichanja vya dagaa. Sheria ya pale ni kwamba mpira ukiangukia kwenye dagaa mchezo unasimama mpaka mwenye dagaa autoe mwenyewe, na kama hamtaki maneno, msimsogelee. Tulianza vizuri. Tukafunga bao la kichwa kabla hawajatuzoea. Baba alikuwa ameletewa kiti, hakukikalia. Alikimbia pembeni mwa mstari akipiga kelele, "Namba tatu, rudi! Namba tatu, usimwangalie machoni, mwangalie mguu!" Lakini wale watoto wa kisiwani wanakimbia kwenye mchanga kama wewe unavyokimbia sakafuni. Walisawazisha kabla ya mapumziko, na zikiwa zimebaki dakika chache wakatutia la pili, safi kabisa, hata golikipa wetu alipiga makofi kabla hajajikumbuka.

Tukapoteza birika. Baba alilikabidhi kwa mikono miwili, akawaeleza lilikotoka, akawaonya kwamba mdomo wake umepinda kwa hiyo mtu amimine polepole. Wakapika sangara wa kutosha harusi. Watoto wetu walilia kama robo saa, wakanusa samaki, wakaacha.

Jua lilikuwa bado juu kidogo nilipowapanga kwa ajili ya picha, ufukweni, migongo kwenye vibanda. Nilitaka baba asimame katikati. Nilikuwa nimeiwaza picha hiyo tangu alipokuja mlangoni kwangu: watoto kumi na mmoja, na yeye katikati, pamejaa, hakuna pengo. Nilikuwa nimeshajua nitaitundika wapi.

Akaja, akasimama nilipomwambia. Kisha akamshika golikipa bega, akamsogeza kulia. Akamsogeza na aliyefuata.

"Sogeeni. Bado. Sogeeni tena."

"Babu, nani hayupo?" akauliza golikipa. "Tumekuja wote."

"Wapo kumi," baba akasema. "Wapeni nafasi ya watu kumi."

Hakuna mtoto aliyecheka. Wanaijua sheria ya timu. Wenyewe wameshawaachia nafasi wenzao waliolazwa, waliofiwa. Wakasogea, wakaendelea kusogea, wakabanana wote kumi na mmoja mwisho wa ufukwe, na baba akabaki upande wake, amesimama wima, mikono ubavuni, kama mtu aliyeitwa jina. Mimi nikarudi nyuma na simu yangu ili waenee. Nikarudi, nikarudi, maji yakaingia viatuni, yakafika magotini, na bado nilikuwa sioni vizuri, na haikuwa kosa la simu.

Picha hiyo iko sebuleni, chini ya ile ya zamani. Kulia kuna watoto wamerundikana na jezi zilizolowa. Kushoto kuna mzee mwenye kofia ya reli. Katikati ni mchanga, mchanga mwingi, na kuku mmoja anayepita. Wageni wanashangaa kuliko zamani. "Mwalimu, na hii nayo ulipiga ukiwa na akili zako?"

Mimi simjibu mtu. Baba ndiye anayejibu, na siku hizi anageuka kabisa kwenye kiti, anaitazama.

"Hapo ni wenzangu," anasema. "Siku hiyo tulicheza ugenini."